Mlio Unaokuja na Kutoweka Katika Injini ya Pikapu

Mtu mwenye pikapu huizoea sauti ya injini yake kama mfugaji anavyoizoea sauti ya ng'ombe wake. Aijua inapoamka asubuhi na baridi, aijua inapopanda mlima na magunia ya viazi mgongoni, na aijua inapongoja mbele ya lango la soko. Halafu siku moja husikia jambo jipya: tik, tik, tik, mlio mwembamba wa haraka, mfano wa mtu agongaye debe tupu kwa ukucha. Husimamisha gari, hufungua boneti, huinama asikilize, mlio umekwisha. Kesho yake asubuhi umerudi.

Hapo ndipo hasara nyingi zinapoanzia. Mwenye gari mmoja huongeza sauti ya redio na kuendelea na safari. Mwingine hukimbilia kwa fundi, na fundi, kwa kuwa mlio wenyewe hausikii, hana budi kukisia. Leo hubadilisha plagi, kesho pampu ya petroli, na keshokutwa husema kwamba injini imenoki na yataka kufunguliwa yote. Fedha za bonasi ya chai huisha, na mlio ungalipo. Walakini mlio wa namna hii si uchawi. Una sababu ya kuja na una sababu ya kutoweka, na sababu hizo mbili ndizo zinazomtaja mwenye kosa. Kwa hiyo jambo la kutafutwa kwanza si mahali mlio unapotoka, bali ni wakati unapokuja.

DAFTARI KABLA YA SPANA

Yafaa mwenye gari aweke daftari dogo karibu na usukani, na kwa muda wa juma moja aandike kila mara mlio unaposikika. Karani aliyezoea kuandika barua zinazoingia na zinazotoka hataiona kazi hii kuwa ngeni. Aandike kama injini ilikuwa baridi au imepata moto. Kama gari lilikuwa limesimama au likienda. Kama lilikuwa tupu au limepakia. Kama lilikuwa likipanda, likishuka au likikata kona. Na mlio ulidumu dakika ngapi. Maneno matano au sita kwa kila safari yatosha.

Daftari hilo litamwonyesha kwanza kama mlio ni wa injini kweli. Gari likisimama na injini ikaongezwa mwendo bila mlio kusikika, lakini gari likiondoka ukaanza tena na kwenda sawasawa na mzunguko wa magurudumu, basi injini haina hatia. Mara nyingi ni kokoto lililokwama katika meno ya tairi, hasa baada ya kupita barabara ya kokoto. Wako watu waliofunguliwa injini kwa sababu ya jiwe ambalo mtoto angeweza kulichokoa kwa bisibisi.

Ikionekana kwamba mlio ni wa injini, oili na ipimwe kabla ya jambo lingine lolote. Gari lisimame mahali palipo sawa, injini izimwe, na oili ipewe dakika chache kuteremka sampuni. Kijiti cha kupimia kifutwe, kirudishwe mpaka mwisho, kisha kitolewe na kusomwa. Oili ikipungua, gari linapokata kona au kupanda mlima mkali oili iliyobaki hukimbilia upande mmoja, na mdomo wa pampu huvuta hewa. Kwa muda mfupi vyuma vya juu hukaa vikavu na kulia. Gari likinyoka, mlio hutoweka. Mwenye gari asemaye kwamba mlio wake huja katika kona tu yamkini ameshajibiwa, na dawa yake ni oili kidogo, na baadaye kutafuta mahali inapovuja au inapoungua. Lakini taa nyekundu ya oili ikiwaka hali gari liko safarini, injini izimwe pale pale, hata kama maziwa yako nyuma na kiwanda kinangoja. Kuharibika kwa madebe ya maziwa ni hasara ya siku moja.

MWENDO WA NUSU

Ili kuelewa yanayofuata, yafaa kuujua mpango wa ndani ya injini. Mfano mzuri ni injini ya Toyota iitwayo 22R, iliyoanza mwaka 1981 na kutiwa katika pikapu za Hilux kwa miaka mingi. Ni injini ya petroli yenye silinda 4, na ukubwa wake ni karibu lita 2.4. Chini iko krenkishafti, ambayo hupokea nguvu za pistoni kwa njia ya konrodi. Juu iko kemshafti, ambayo huzungushwa na cheni na kuzifungua valvu 8 kwa kuzisukuma kwa vyuma vidogo viitwavyo roka. Kemshafti huzunguka mara moja kila krenkishafti inapozunguka mara mbili.

Jambo hilo la nusu ni ufunguo mkubwa. Injini ikiwa inazunguka mara 720 kwa dakika, gari likiwa limesimama, krenkishafti hupita mara 12 kwa sekunde na kemshafti mara 6. Chuma cha juu kilicholegea, kama valvu moja, kitagonga mara 6 kwa sekunde. Kilichofungwa katika krenkishafti, kama gurudumu zito la nyuma lililolegea boliti, chaweza kugonga mara 12. Sikio haliwezi kuhesabu haraka hivyo, walakini fundi mwenye taa ya taimingi aweza kuifunga katika waya wa plagi namba 1. Taa hiyo huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenkishafti, yaani kwa mwendo wa kemshafti. Mlio ukienda pamoja na mwako wa taa, mtuhumiwa atafutwe katika mambo yanayofuata mwendo wa nusu: valvu, roka, pampu ya petroli, au moshi unaotoroka katika silinda moja.

Pampu ya petroli yastahili kutajwa mapema kwa sababu husingiziwa, na mara nyingine husingizia wengine. Katika injini ya 22R yenye kabureta, pampu hiyo imefungwa ubavuni mwa silinda hedi kwa mbele, nayo husukumwa na mtambo wa kemshafti. Mkono wake ukilika hutoa tik-tik inayofanana kabisa na ya valvu. Fundi akiiwekea bisibisi ndefu, ncha juu ya pampu na mpini penye mfupa wa sikio, ataujua ukweli mara moja, kwa maana mlio ulio karibu husikika mkali na wa mbali husikika kama umefunikwa blanketi. Kwa njia hiyo hiyo aweza kusikiliza kifuniko cha tapeti hatua kwa hatua, kutoka silinda ya kwanza mpaka ya nne. Kazi hii haitaki tai, wala leso shingoni, wala mikono mirefu ya shati. Feni haibagui karani na mkulima.

VALVU INAYOPIGA KELELE, NA ILE INAYONYAMAZA

Kati ya skrubu ya roka na mguu wa valvu huachwa nafasi ndogo, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Katika 22R nafasi hiyo hupimwa injini ikiwa imeshapata moto, nayo ni milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza hewa na milimita 0.30 kwa valvu za kutoa moshi. Nafasi ikizidi, roka huipiga valvu badala ya kuisukuma, na tik-tik husikika hasa gari likiwa limesimama. Mwendo ukiongezeka, sauti za feni, za tairi na za upepo huufunika mlio, na mwenye gari hudhani umepona.

Kazi ya kurekebisha si kubwa. Kifuniko cha tapeti hutolewa, injini huzungushwa mpaka pistoni namba 1 ifike juu kabisa huku roka zake zote mbili zikiwa zimelegea. Hapo hupimwa valvu za kuingiza za silinda 1 na 2, na za kutoa za silinda 1 na 3. Kisha krenkishafti huzungushwa mzunguko mmoja kamili, na kupimwa valvu za kuingiza za 3 na 4, na za kutoa za 2 na 4. Bamba la kupimia lipite kwa kukwama kidogo, kama kisu kinachopita katika siagi iliyoganda.

Hapa kuna makosa mawili ambayo hata mafundi wazuri huyafanya. La kwanza ni kupima skrubu iliyochimbika. Ncha ya skrubu ikigonga miaka mingi hufanya kishimo, na bamba lililonyooka hulala juu ya kingo za kishimo bila kufika chini. Kipimo husema nafasi ni sawa, lakini nafasi ya kweli ni kubwa zaidi, na mlio waendelea. Skrubu ya namna hiyo hubadilishwa.

La pili ni baya zaidi. Mwenye gari husema, "Fundi, mimi sitaki kusikia kelele yoyote," na fundi, ili ampendeze, huzikaza skrubu mpaka injini inanyamaza kama paka. Valvu ya kutoa moshi huishi katika moto mkali, nayo hupoa pale inapokaa juu ya kiti chake na kuupitisha moto huo katika silinda hedi. Isipoachiwa nafasi haikai vizuri. Hubaki wazi kidogo, gesi ya moto hupita kando yake, na ukingo wake huungua. Baada ya muda silinda hiyo hupoteza nguvu, na gari lililokuwa likipanda kutoka Naivasha kwenda Limuru kwa gia ya tatu sasa lataka ya pili. Mafundi wa zamani hawakuiogopa sana valvu inayolia kidogo. Waliiogopa ile iliyonyamaza ghafula bila kuguswa na mtu, kwa kuwa kiti chake kikilika, valvu huzama ndani na nafasi yake hupungua.

MLIO WA ASUBUHI

Daftari likionyesha kwamba mlio huja asubuhi, huzidi gari linapopanda na mzigo, kisha hutoweka injini ikipata moto, basi mtuhumiwa wa kwanza si valvu bali ni moshi. Manifoldi ya eksosi hufungwa katika silinda hedi kwa boliti, na katikati huwekwa gasketi. Boliti ikilegea au kukatika, au chuma kikiingia ufa, moshi hutoroka kwa vipigo vidogo vidogo, na kila kipigo husikika tik. Chuma kikipata moto hutanuka na kuuziba ule upenyo. Kikipoa hufunguka tena.

Bisibisi haifai kwa kutafuta hewa. Hutumiwa kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono mmoja; ncha moja huwekwa sikioni na nyingine hupitishwa polepole kando ya manifoldi injini ikiwa bado baridi. Mahali pa kosa pataita kwa nguvu. Mara nyingi huonekana pia alama nyeusi ya masizi. Plagi iliyolegea hutoa mlio wa namna hiyo hiyo, na kuikaza ni kazi ya dakika moja. Kwa hiyo plagi na ziguswe kabla ya manifoldi kufunguliwa. Uvujaji wa moshi haufai kudharauliwa kwa sababu tu mlio wake hauivunji injini. Ndani ya moshi huo imo hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, nayo yaweza kuingia pale anapoketi dereva. Kwa sababu hiyo pia injini haiwashwi ndani ya banda lililofungwa ili isikilizwe.

Jinsi mlio mmoja unavyoweza kuwa na baba wawili yaonekana vizuri huko Marekani, katika pikapu za Ram zenye injini ya Hemi ya lita 5.7, iliyoanza katika magari ya modeli ya mwaka 2003. Boliti za manifoldi zake zajulikana kwa kukatika vichwa, na gari hulia tik-tik asubuhi mpaka lipate moto. Lakini injini hiyo pia ina tapeti zinazojirekebisha zenyewe kwa nguvu ya oili, zenye vigurudumu vidogo vinavyotembea juu ya kemshafti. Kigurudumu kikiharibika hulia tik-tik vilevile, nacho huila kemshafti yenyewe. Wa kwanza hunyamaza kwa moto. Wa pili kwa kawaida huendelea hata injini ikiwa moto. Mtu aliyeandika saa na dakika atawatofautisha kabla ya kufungua nati moja.

CHENI, NA KUGONGA KWA CHINI

Injini ya 22R ina ugonjwa wake mwingine unaojulikana sana. Cheni ya kemshafti huongozwa na vibao viwili, na tangu miaka ya 1980 vibao hivyo vimekuwa vya plastiki. Cheni hukazwa na kifaa kinachotegemea nguvu ya oili. Kwa hiyo injini iliyolala usiku kucha yaweza kukwaruza sekunde moja au mbili mpaka oili ifike. Hilo si neno. Lakini mkwaruzo ukidumu, au ukirudi kila injini inapopunguzwa mwendo, kibao chaweza kuwa kimevunjika. Hapo cheni huanza kupiga na kuusaga ukuta wa kifuniko cha mbele, na nyuma ya ukuta huo mna njia ya maji. Ukitoboka, maji ya radieta huingia katika oili, na kijiti hutoka na kitu mfano wa chai ya maziwa. (Utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha kutilia oili, katika asubuhi za baridi na safari fupi fupi, waweza kuwa umande tu, asiharakishe mtu kulia.) Uchunguzi wake ni rahisi: kifuniko cha tapeti kikitolewa, fundi humulika kwa tochi chini kando ya cheni, na kibao kilichovunjika huonekana, au huonekana kwamba hakipo. Vipo vibao vya badala vilivyotiwa mgongo wa chuma, na anayekwenda kununua vipuri katika Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambayo watu bado huiita Grogan, yafaa aviulizie hivyo kwa jina na kuviona kwa macho kabla ya kulipa.

Umebaki mlio ambao hauna mzaha. Si tik bali ni ko-ko-ko, mzito, unaotoka chini, unaozidi injini inapofanya kazi na inapopata moto, kwa maana oili imekuwa nyepesi. Hizo ni beringi za konrodi. Katika injini ya zamani yenye waya za plagi, fundi aweza kuitenga silinda moja baada ya nyingine kwa kuondoa waya wake, akitumia koleo yenye mpini wa mpira na kuuelekeza waya katika chuma cha injini usining'inie hewani. Silinda yenye beringi mbovu ikitengwa, mlio hupungua sana, maana pistoni haisukumwi tena. Mlio wa valvu kwa kawaida haubadiliki hivyo. Gari lenye mlio wa konrodi huvutwa, haliendeshwi, hata kilomita tano za kufika nyumbani. Konrodi ikikatika huweza kuitoboa bloku, na hapo hata mwenye ujuzi hana la kurekebisha.

Pikapu za siku hizi zina sindano za petroli zinazoendeshwa kwa umeme, nazo hulia tik-tik nyepesi siku zote. Mwenye gari jipya asitishwe na hilo, mradi sauti haijabadilika. Nazo za dizeli zenye mabomba ya nguvu nyingi zisilegezwe nati za mabomba ili kutafuta silinda, kama ilivyofanywa katika injini za kale. Dizeli ya namna hiyo hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi.

Ama kuhusu fundi, mwenye gari humsaidia sana kwa kumpa maneno machache yaliyo wazi: "Fundi, gari hili hulia asubuhi dakika nne hivi, huzidi likipanda na mzigo, likipata moto hunyamaza. Oili nimepima, iko sawa." Maneno hayo yana thamani kuliko kusema injini ni mbovu. Tena gari lisipelekwe saa sita mchana likiwa limetoka safari ya kilomita 40, kwa maana mlio wa baridi hautakuwapo. Liachwe hapo karakana jioni, likalale, na mwenyewe arudi alfajiri kabla halijawashwa na mtu yeyote. Wasikilize pamoja, fundi na bisibisi yake na mpira wake, mwenye gari na daftari lake. Na kazi ikimalizika, kwa mlio wa namna hii, malipo ya mwisho yangoje asubuhi nyingine kama hiyo, gari likiwa limelala tena usiku kucha na kupoa kabisa.